Kilemba cha Babu Hood

Jumapili, 5 Januari 2025

Babu Hood yumo ndani ya sinema! Babu yangu mie, baba yake baba! Kasimama juu ya ngazi, kilemba kichwani, joho mabegani, jambia kiunoni — na watu chungu nzima wamemzunguka!

Haya. Bismillahi. Nianze vizuri, maana kalamu yenyewe ya binti yangu Jumana inavuja.

Asubuhi nimo jikoni nakaanga mandazi, simu ikalia. Laith. Mwanangu wa kwanza, yuko Berlin miaka sasa, anatengeneza filamu. Si za maharusi kama mtoto wa jirani! Filamu khasa, za kuonyeshwa kwenye kumbi, watu wakapiga makofi. Hii anayoitengeneza sasa inamhusu Mjarumani mmoja wa zamani, Oskar Vendriki, katika wale wa mwanzo mwanzo kabisa wa sinema kule, zama picha zilipokuwa hazisemi. Mwigizaji, tena mwongozaji — yaani anacheza mwenyewe na kuwaamrisha wenziwe mwenyewe. Tangu mwaka jana Laith hana hadithi nyengine. Vendriki hivi, Vendriki vile. Nshamzoea kama jamaa.

Leo kaandika: Mama, nimempata Babu Hood, yumo kwenye filamu ya Vendriki, ile ya Unguja. Niko kazini, nitapiga. Na picha.

Kuwa Babu alikwenda Berlin kabla ya vita vya kwanza, kufundisha Kiswahili kwenye chuo chao, hilo nimelisema umri wangu wote. Watu wananitazama tu. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Hakukubali kupigwa picha mpaka anakufa.

Kwenye picha wamo watu wengi, lakini mie sikupata tabu. Kilemba! Kwetu kilemba kina ufungaji wake. Ncha inazungushwa nyuma, inatokezea juu ya sikio la kushoto, inakunjwa kama jani la tambuu. Baba alifunga hivyo. Kaka zangu hivyo. Laith kafundishwa mdogo. Hapa Ibra, Omani, mji mzima hakuna mwengine anayefunga hivyo. Na huyo wa kwenye ngazi — jani la tambuu, palepale juu ya sikio! Nikapiga kigelegele mpaka mume wangu akatoka chooni na povu la sabuni ndevuni. "Nani kafa?" Musallam huyo. Kigelegele, anauliza nani kafa!

Nikawapelekea watu wote. Ndugu, majirani, kundi la watsap la mtaani. Na Bi Hajar wa Al Qabil. Khasa yeye.

Mandazi yaliungua. Wacha yaungue.

Alasiri nikenda kwa shangazi yangu Bi Asya. Ndiye mtoto pekee wa Babu aliye hai, macho yake hayana nguvu. Nikampa shikamoo, nikamwekea simu puani. Nikamwambia, baba yako huyu, tazama kilemba. Akatazama. "Kilemba ni chake," akasema. Akalia. Nami nikalia.


Jumatano, 8 Januari

Soko la Jumatano leo nimelitembea kama bibi harusi. Sikununua kitu, udi kidogo tu. Nilikwenda kupongezwa, nisijidanganye.

Bi Ghaniya muuza manukato ndiye niliyemtaka. Huyu kwa miaka ananichoma kwa kuwa sisi tumetoka Unguja. Kwa Kiarabu chake cha hapa hapa husema: nyinyi watu wa Zinjibar, kila mmoja wenu babu yake alikuwa na shamba la karafuu, sasa nani alikuwa akizichuma? Wenziwe wanacheka. Leo nikamfungulia picha. Akaisogeza karibu, akalitazama lile jambia, lile joho. Akasema mashallah. Ghaniya! Akanipaka mafuta ya waridi mkononi.

Wakataka kujua ilikuwaje, nami nikawasomea Vendriki mzima, kama mwalimu. Mtoto wa fundi viatu. Akakimbia nyumbani, akafuata watu wa michezo waliokuwa wakizunguka mji kwa mji, akicheza vizee, akicheza wanawake, chochote. Sinema ilipokuja wenziwe waliidharau — mambo ya sokoni hayo! Yeye akaingia. Kwanza wakampa kucheza wezi na wauaji, kwa sababu ya nyusi zake. Akajulikana kwa nyusi! Baadaye akawa na kampuni yake, akawa ndiye anayesema simama hapa, lia sasa. Na mtu kama huyo, nikawaambia, alipotaka kuonyesha bwana wa Kiarabu wa Unguja, alimtafuta nani? Babu yangu.

Wallahi nilisema hivyo.

Halafu nikiwa bado kwenye gari — Bi Hajar kwenye simu. Anahema. Ami Hashil kaiona picha. Kakubali!

Niandike polepole. Bassam mwanawe Hajar kaja kumposa Jumana wangu mwaka jana. Walijuana Nizwa, walipokuwa wakisoma wote. Kijana mzuri, baba yake kafariki, neno liko kwa ami yake, Sheikh Hashil. Na ami alisema: watu wema, sina shaka, lakini watu wa Zinjibar, asili yao tutaijuaje? Mama zao akina nani? Basi ikakaa. Hawakukataa, hawakukubali. Mwaka mzima mwanangu anakwenda kusomesha hesabu, anarudi, hasemi. Kakonda. Nikimuuliza anasema kazi nyingi.

Picha moja tu! Hajar anasema ami kaitazama mpaka chai ikapoa, akasema hii inatosha. Wanataka milka kabisa, ndoa ifungwe, si posa ya maneno.

Jumana aliporudi skuli nikamwambia. Akakaa kitini na mkoba begani bado. Akacheka, halafu akasema, "Kwa ajili ya kilemba, Mama?"

Nikamwambia ashukuru Mungu asiulize.


Alkhamisi, 9 Januari

Laith kapiga.

Siyo yeye.

Wa kwenye ngazi siyo Babu. Ni Vendriki. Mjarumani, kapakwa rangi.

Siwezi kuandika.


Ijumaa, 10 Januari

Musallam yuko msikitini. Niandike kabla hajarudi.

Laith alianza kwa furaha. Umemwona Babu, Mama? Nikamwambia nimemwona, Ibra nzima imemwona, kapendeza na kilemba chake. 

"Kilemba gani, Mama?"

Babu Hood ni aliyepiga magoti. Chini ya ngazi, upande wa kushoto. Mnyororo shingoni, sinia mkononi. Huyo hata sikumtazama. Jumapili yote, Jumatatu yote, nawatia watu picha mikononi, na huyo sikumwona. Nilimwona kama ninavyoliona zulia.

Laith akanieleza. Vita vile vya kwanza vilimkamata Babu kule. Chuo kikawa hakina wanafunzi, meli za kurudi hakuna. Vita vilipokwisha, Vendriki akajenga Unguja yake nje ya Berlin, uwanjani. Kuta za mbao na chokaa, minazi ya bati! Akataka mtu wa kumfundisha mavazi. Akampata Babu. Kila asubuhi Babu alimfunga kilemba kwa mikono yake, mpaka Mjarumani akajua mwenyewe. Ndiyo maana lile jani la tambuu. Ni letu kweli. Sikukosea kilemba. Nilikosea kichwa.

Ubwana akacheza Vendriki mwenyewe, na rangi ya kahawia usoni. Babu akaambiwa hafai kuwa Mwarabu. Mweusi mno, hapa Berlin hataaminiwa. Na mtumwa je? Mtumwa hafiki, mweupe mno. Basi wakampaka masizi.

Masizi. Babu yangu. Mtu wa chuo.

Nikamuuliza Laith kajuaje, labda si yeye. Akasema Vendriki mwenyewe kahadithia redioni uzeeni, sauti ipo, kamtaja kwa jina. Mwalimu wangu wa kilemba, anasema. Tena anacheka.

Na kweli. Nimemkuza kwa vidole viwili. Chini ya masizi ni masikio ya Laith. Magoti kayakunja kama baba alivyokuwa akiyakunja kwenye mkeka.

Bi Hajar kanipelekea sauti tatu leo. Anataka rangi ya nguo ya Jumana.


Jumatatu, 13 Januari

Nimemwambia Musallam. Kanisikiliza, kanywa kahawa yake, akasema, "Picha imeshasema. Wewe nyamaza." Nikamwambia picha imesema uongo. Akasema uongo haukuusema wewe, kausema Mjarumani.

Musallam si mtu mbaya. Kafanya kazi wizarani miaka, anajua jambo likipita linapita. Halafu akasema kwa sauti ndogo kuwa mtoto ana miaka ishirini na tisa.

Nikampigia Laith. Nilimbembeleza kwanza. Mwanangu, kipenzi changu, filamu yako ndefu, kipande hicho kitoe. Dada yako huyo. Baada ya ndoa kirudishe, fanya utakavyo.

Akasema, "Yaani nimtoe Babu, nimbakize Mjarumani?"

Nikamkaripia. Nikamwambia hana adabu, Ulaya imemharibu, nilimzaa kwa kisu. Akaniacha niseme. Hanijibu ninapokasirika, hiyo ni tabia yake tangu mdogo, na inaniumiza zaidi.

Halafu akanihadithia mwisho wa Vendriki. Nikadhani anataka kubadilisha maneno. Sinema zilipoanza kusema, Vendriki akaanguka. Ana nyusi lakini hana sauti, nyembamba kama ya mtoto, watu wakamcheka ukumbini. Akarudi kucheza vijisehemu. Mlango anafungua, barua anatoa, basi. Ndipo wakaja wale wakubwa wao waliowachukia Mayahudi. Mkewe Vendriki alikuwa Yahudi. Mwigizaji pia, walianza pamoja kwenye michezo ya kuzunguka, ndiye aliyekuwa akimshonea nguo. Wakamwambia mwache, utapata kazi. Akamwacha.

Akamwacha! Nikasema Mungu amlaani. Laith akasema, alipata kazi, Mama. Miaka saba. Yeye mke hakuonekana tena.

Nikakata simu. Sijui kwa nini nilikata.


Jumatano, 15 Januari

Sokoni sikwenda. Nimesema nina mafua.

Baridi kweli lakini. Musallam kavaa soksi mbili.


Jumamosi, 18 Januari

Nilikwenda Al Qabil kusema. Naapa nilikwenda kusema! Nimeyapanga maneno njia nzima kwa Kiarabu, maana Kiarabu changu kinanikimbia nikiwa na hofu. Musallam anaendesha, hatazami pembeni.

Bi Hajar kanipokea mlangoni kwa mabusu. Mwanamke mwema, mnene, mchekeshaji, mikono yake daima inanukia iliki. Tungekuwa ndugu mimi na yeye. Akasema njoo uone kwanza, wanaume hawajaingia. Akanishika mkono mpaka majlisini kwao, sebule ya wageni.

Picha. Wameikuza ukubwa wa mlango. Fremu ya dhahabu. Wameitundika chini ya upanga wa babu yao.

Ukubwa ule Babu anaonekana vizuri. Macho yake yanatazama chini, kwenye sinia. Mnyororo ni mnyororo kweli, si wa kuchora. Na juu yake yule mwengine kanyanyua kidevu.

Hajar akanyoosha kidole kwenye ngazi akasema, pua yako hii, Umm Laith! Pua yako kabisa!

Nikasema eh.

Halafu akaonyesha chini. Akasema, wallahi walikuwa nao wengi kama hawa, siyo? Wa nyumbani.

Nikasema sijui.

Hapo hapo Sheikh Hashil akaingia. Mzee mrefu, fimbo yake, ndevu nyeupe safi. Mwaka mzima mtu huyu alikuwa akinijibu salamu akitazama ukuta. Leo kasimama. Kanikaribisha kwa jina la baba na babu, bint fulani bin Hood. Akasema tulichelewa, tusameheni, mtu hutafuta yakini. Kauliza khabari za Laith. Kasema filamu hiyo ikija, iletwe siku ya milka, wazee waione ukutani kabla ya kahawa, waone watu wa Zinjibar walikuwa nani.

Nilikula tende. Nikanywa kahawa. Nilitikisa kikombe kuwa imetosha, nikasahau, nikakitoa tena wakanijazia.

Kwenye gari Musallam akauliza, umesema? Nikamwambia endesha.

Mpaka tunafika Ibra nilikuwa nasikia neno lile. Wa nyumbani.


Jumanne, 21 Januari

Jumana anajua. Laith kamwambia — sikumkataza, sikufikiri. Nilimkuta kitandani kwangu, kakaa na picha kwenye simu.

Nilidhani atalia. Angelia ningejua la kufanya. Akaniuliza: mkono wake wa kulia, kidole cha mwisho, kimepinda hivi au ni picha? Nikamwambia sijui, mwanangu. Akasema, mimi changu kimepinda. Akanionyesha. Miaka ishirini na tisa nimemuosha, nimemvisha, kidole hicho sikukiona.

Kasema nisiseme kitu Al Qabil, atamwambia Bassam mwenyewe. Nikamwomba. Nilimshika miguu, naandika hapa kwa sababu hapasomwi. Akaniinua. Nguvu zake!

Wakazungumza simuni uwani, nami jikoni na maji nimeyafunga. Alisema kidogo, akasikiliza sana. Alipoingia nikauliza kasemaje.

"Kasema yeye hajali."

Alhamdulillahi! Nikataka kumkumbatia.

"Kasema ami asijue. Tuoane kwanza. Tukishapata mtoto, ami atafanya nini?"

Nikamwambia ni maneno ya busara. Kijana anakupenda, anatafuta njia.

Akavua viatu, akaviweka sawa ukutani, kimoja na mwenziwe, kama afanyavyo akikasirika. "Babu yako tumfiche mpaka nizae, Mama? Na nikizaa mwenye rangi yake, huyo tumfiche mpaka lini?"

Nimekwenda kuosha mchele usiokuwa na haja ya kuoshwa.


Ijumaa, 24 Januari

Hajar: nguo kijani au dhahabu? Nikamjibu kijani. Musallam kaagiza halwa ya Nizwa, ile nyeusi. Kakodi mahema mawili ya uwanjani.

Kila mtu anafanya kazi, hakuna anayezungumza.

Jumana kajaribu nguo. Kijani imemkaa. Mrefu, shingo ile, hakuna binti Ibra hii wa kumfikia, nasema kweli si kwa kuwa nimemzaa. Fundi kasema mashallah mara tatu. Jumana akamshukuru, akaivua.


Jumapili, 26 Januari

Kwa Bi Asya. Nilitaka aniambie si yeye. Huo ndio ukweli. Nilimfikiria njiani: Bi Asya kakaa kwenye magoti yake, atasema si huyu, nami nitashika neno lake, Laith atakuwa kakosea, basi.

Sikumwambia kitu. Nimeikata picha kwenye simu, nimemwacha aliyepiga magoti peke yake, hana ngazi, hana Mjarumani. Nikamwekea karibu na dirisha. Nikasema, shangazi, huyu unamjua?

Akavua miwani. Akaifuta kwa ushungi. Akavaa. Nje mtu anaita mbuzi wake.

Akaweka kiganja juu ya simu, akaifunika yote.

"Huyu kanipakata," akasema.

Nikamuuliza na yule wa mwanzo je, ulisema ni baba. Akasema, "Nilisema kilemba ni chake. Wewe ulisema baba."

Haki ya Mungu ndivyo alivyosema siku ile. Nimerudi nimetazama kurasa za nyuma, nimeandika mwenyewe.

Nikamuuliza aliwahi kuhadithia mambo ya Jarumani? Akasema hata siku moja. Alikuwa anajua Kijarumani, shangazi aliwahi kumsikia akikisema usingizini. Kilemba alikifunga mwenyewe na mlango kaufunga. Mara moja Mzungu alikuja Unguja na kamera, akawapanga wazee wa mtaa barazani. Baba yake akaingia ndani, akakaa chini nyuma ya mlango, kamshika yeye Asya mdomo asimwite.

Kiganja hakukitoa kwenye simu. "Ifunge hiyo. Hapendi kutazamwa."

Nikafunga.

Sasa nani nimsikilize? Laith anataka atazamwe. Jumana anataka atazamwe. Binti yake mwenyewe anasema hapendi. Na ami Hashil anamtazama kila siku akinywa kahawa, na hajamwona.


Jumatano, 29 Januari

Laith kaja. Jana jioni Musallam kaenda kumchukua Maskati. Kakonda, kafuga nywele, kanikumbatia nikasikia mbavu. Kala samli na mkate mpaka nikafurahi. Mwanangu! Majirani wamekuja kumwona, nimewaambia watu wa Berlin wanamjua kwa jina. Wanamjua kweli, kidogo.

Asubuhi tulikaa sote wanne. Kaleta ile mashine ya kuonyeshea ukutani, ndogo kama pakiti ya maziwa. Musallam akasema hotuba yake. Ndoa ifungwe, watu wale chakula, waende zao, filamu isemwe imeharibika. Mashine huharibika. Laith akasema, "Kukata sikati, Baba. Lakini kutoonyesha ninaweza." Akanigeukia mie. "Mama, ni babu yako. Sema wewe. Ukisema nisionyeshe, sionyeshi, wala sitakulaumu."

Heri angenilaumu.

Nikamuuliza Vendriki aliishia wapi. Akasema kwenye nyumba ya wazee. Filamu zake zimeungua vitani karibu zote. Imebaki hii na vipande. Alipohojiwa redioni wakamuuliza katika watu wote aliocheza, zaidi ya mia, yupi aliyekuwa yeye. Akacheka kwanza. Halafu hakujibu, na kwenye sauti unasikia tu saa ya ukutani.

Jumana yuko pembeni. Kakaa na daftari za wanafunzi anasahihisha, kalamu nyekundu, vyema, si vyema, vyema. Nilimtazama shingo yake. Nikafikiri: atakaa nyumba ile, chini ya picha ile, ukubwa wa mlango. Atapita na sinia ya kahawa mkononi, asubuhi na jioni. Anajua. Na mumewe anajua. Na Hajar atamwambia mgeni, pua hii, tazama pua, halafu ataonyesha chini.

Siku ya milka sisi wanawake tutakuwa chumba cha ndani. Wanaume majlisini na ukuta wao. Kipande chenyewe cha Vendriki hakina sauti. Laith ndiye atakayesema kwa Kiarabu nani ni nani. Sitaona kitu. Nitasikia sauti ya mwanangu, na baada yake nitasikia watu wanasema nini. Au hawasemi.

Na Bi Asya nimemwambia. Nilimpigia. Nikamwambia wanataka kumwonyesha baba kwa watu, nifanyeje. Nikasikia tasbihi. Akasema wamekwisha kumwonyesha, Wajarumani hao, miaka mia. Akasema nitakuja. Nitakaa nanyi. Nipelekeeni gari.

Adhuhuri Hajar kapiga. Furaha yake yote simuni, kelele za watoto nyuma yake. Likizo ya Miraji imewaangukia vizuri, wanakuja hata wa Sur. Ami kawaalika mashekhe wanne. Gari kumi, labda zaidi, tusikasirike! Halafu akasema ami anauliza kitu kimoja, apange mambo. Hiyo filamu ya babu yenu iwe kabla ya kufunga ndoa au baada?

Musallam alikuwa mlangoni. Akanionyesha kwa mkono: baada, baada.

Jumana akainua kichwa kwenye daftari. Hakunionyesha kitu. Kanitazama tu.

Nilikuwa nimeyasahau yale maneno ya Kiarabu niliyoyapanga. Moja nilikuwa nalo.

"Kabla," nikasema.

Hajar akasema vyema, vyema, hata yeye anaona hivyo, wazee waanze kwa furaha. Akauliza basi waje saa ngapi.

Nikamwambia Ijumaa. Baada ya sala. Njooni wote.